Belle and Sebastian, The Lemon Twigs na The Last Shadow Puppets: uanze na ipi?

Mtu akiipenda pop ya baroki, mara nyingi huanza na wimbo mmoja uliompitia kwa bahati: kwenye filamu, kwenye simu ya rafiki, au kwenye orodha ya nyimbo inayojipanga yenyewe. Gita ni la pop, ngoma ni za pop, lakini nyuma yake kuna fidla, tarumbeta na kinanda cha sauti kavu, ya zamani sana. Akitaka kusikia zaidi anakutana na majina chungu nzima, mengine ya miaka sitini iliyopita, mengine ya juzi. Wengi huishia hapo, wakarudi kwa walichokizoea. Ni hasara, kwa sababu msikilizaji wa Nairobi ana masikio yaliyokwisha kuandaliwa kwa muziki huu kuliko anavyodhani.

Nimechukua bendi tatu za indie, yaani zilizotoka kwenye lebo ndogo zinazojitegemea. Zote zinapatikana kwenye programu za muziki tunazotumia hapa, zote huimba Kiingereza, na zote zinatazama nyuma, kwenye miaka ya 1960. Zinatofautiana kwa jambo ambalo kwangu ndilo linaloamua: nani anazishika zile ala za ziada, na zina kazi gani ndani ya wimbo. Katika Belle and Sebastian, fidla na chelo ni za wanabendi wenyewe. Katika The Last Shadow Puppets, okestra imekodishwa, imeandikiwa kila noti na mtaalamu, na inapiga kwa nguvu zote. Katika The Lemon Twigs, okestra yenyewe ni koo za ndugu wawili. Ukilishika hilo, kuchagua si kazi tena.

Kwa aliye na haraka: ukitaka maneno na visa vya watu, nenda kwa Belle and Sebastian. Ukitaka kishindo, The Last Shadow Puppets. Ukiwa umelelewa na kwaya, The Lemon Twigs. Mwenye nafasi tuendelee, maana tofauti zenyewe ni tamu.

Mzizi wa pamoja

Pop ya baroki ilichipuka katikati ya miaka ya 1960, Uingereza na Marekani, pale watunzi walipoona gita, besi na ngoma haziwatoshi. Wakaazima ala za muziki wa Ulaya wa kati ya mwaka 1600 na 1750, enzi za Bach na Vivaldi: fidla, chelo, obo, honi, na zaidi ya yote hapsikodi. Hapsikodi ni kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa. Aliyezoea ganuni ya taarab ataitambua sauti hiyo mara moja, kwa sababu ganuni nayo ni nyuzi za kudonolewa. Hapsikodi imeongezewa tu vibonyezo.

Mwaka 1966 ndio mwaka wa kukumbuka. The Beatles walitoa "Eleanor Rigby", wimbo ambao hakuna hata mmoja wao aliyepiga ala. Kuna wapigaji wanane wa fidla, viola na chelo, waliopangiwa na George Martin, prodyuza wa bendi. Mwaka huohuo The Beach Boys walitoa albamu ya "Pet Sounds", na vijana wa New York walioitwa The Left Banke wakatoa "Walk Away Renée". Mwaka uliofuata, bendi ya Kiingereza ya The Zombies iliingia studio kurekodi "Odessey and Oracle", nayo ikavunjika kabla albamu haijatoka Aprili 1968. Haikununuliwa sana. Kisha mwaka 1969 wimbo wake wa mwisho, "Time of the Season", ukapanda hadi nafasi ya tatu Marekani, wakati bendi haipo tena.

Nayataja haya kwa sababu bendi zetu tatu zote zinakunywa kwenye kisima hicho, lakini kila moja inateka upande wake.

Belle and Sebastian: bendi inayosimulia

Belle and Sebastian ilianzishwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1996. Mtunzi wake mkuu, Stuart Murdoch, alikuwa ameugua kwa miaka mingi ugonjwa wa uchovu usiokwisha, ule unaomnyima mtu nguvu hata za kazi za kawaida. Katika kukaa huko ndani ndiko alikojifunza kutunga nyimbo. Baadaye aliishi juu ya ukumbi wa kanisa akiwa mtunzaji wake, na alikuwa mwanakwaya. Ukilijua hilo, nyimbo zake zinafunguka: zimejaa mabasi, shule, maktaba, watu wapweke, watu wanaoamini na wanaotilia shaka. Ni nyimbo za mtu aliyekaa dirishani muda mrefu akitazama wengine wakiishi.

Albamu ya kwanza, "Tigermilk", ilitoka mwaka huohuo kupitia lebo ya Electric Honey, ambayo wakati huo ilikuwa ya wanafunzi wa biashara ya muziki katika chuo cha Stow pale Glasgow. Kwa kawaida lebo ile ilikuwa ikitoa wimbo mmoja kwa mwaka. Murdoch alikuwa na nyimbo nyingi mno, ikawa albamu nzima. Zilichapishwa santuri 1,000 tu. Kabla haijatolewa upya mwaka 1999, wapenzi wa bendi walikuwa wakizinunua zile chache kwa mamia ya pauni. Kabla mwaka 1996 haujaisha wakatoa ya pili, "If You're Feeling Sinister", na hiyo ndiyo ninayomshauri mtu aanze nayo.

Sababu yangu ni wimbo wa kwanza, "The Stars of Track and Field". Unaanza kwa sauti ya chini kiasi kwamba unaweza kuangalia simu ukidhani sauti imepunguzwa. Usiiongeze. Ni Murdoch na gita, karibu ananong'ona, anasimulia kuhusu wanariadha wa shuleni na aliyewatamani. Ala zinaingia moja baada ya nyingine bila kupiga hodi: ngoma, kinanda, halafu wimbo unakua na kukua hadi tarumbeta inapopasua. Dakika tano hazijaisha na umetoka kwenye chumba kidogo hadi uwanjani. Hakuna aliyepaza sauti. Wamekuja tu watu zaidi.

Hapa ndipo ule utofauti wa nani anashika ala unapoonekana. Isobel Campbell aliyepiga chelo alikuwa mwanabendi hadi alipoondoka mwaka 2002. Sarah Martin wa fidla ni mwanabendi, naye huimba. Mick Cooke wa tarumbeta aliingia kama mgeni akawa mwenyeji. Kwa hiyo ala hizo hazikuletwa kupamba wimbo ulioisha kupikwa. Zilikuwepo tangu mazoezi. Zinajibu, zinanyamaza, zinakosea kidogo, kama ambavyo fidla za taarab humjibu mwimbaji mwishoni mwa ubeti badala ya kumfunika. Mtu aliyekulia kwa vikundi kama Culture Musical Club vya Zanzibar, au aliyesikia taarab ya Mombasa redioni, hahitaji kufundishwa namna hiyo ya kusikiliza. Anajua kwamba fidla ikiingia, kuna jambo mwimbaji amelisema linalohitaji kukaliwa kidogo.

Niseme wazi udhaifu wake. Rekodi za mwanzo ni nyembamba. Ngoma ziko mbali, sauti ya Murdoch ni laini na wakati mwingine haifiki noti anayoitafuta. Wanabendi wenyewe hawakuridhika na namna "Sinister" ilivyorekodiwa, na mwaka 2005 waliipiga yote upya jukwaani katika ukumbi wa Barbican, London, na kuitoa. Kama sauti nyembamba inakukera, anza na hiyo ya Barbican. Nyimbo ni zilezile, mwili umeongezeka. Au nenda "Dear Catastrophe Waitress" ya mwaka 2003, iliyotayarishwa na Trevor Horn, prodyuza mkubwa wa pop ya miaka ya 1980. Hapo kila kitu kimesafishwa, nyuzi zinang'aa, na bendi inacheka zaidi. Mimi bado naipenda zaidi ile ya 1996 na unyonge wake, kwa sababu visa vyenyewe ni vya watu wanyonge, na sauti kubwa ingewasaliti.

Jambo moja zaidi kwa wanaodhani hii ni bendi ya wachache: mwaka 1999 walishinda tuzo ya wanamuziki wapya katika Brit, tuzo kubwa za muziki za Uingereza, tuzo iliyoamuliwa kwa kura za wasikilizaji, mbele ya vikundi vya pop vilivyokuwa na pesa na televisheni nyuma yao.

The Last Shadow Puppets: okestra ya kukodi

Hawa ni wawili, Alex Turner, mwimbaji wa bendi ya roki ya Kiingereza ya Arctic Monkeys, na Miles Kane. Walifahamiana bendi zao zilipozunguka pamoja, wakagundua wote wanazipenda rekodi za Scott Walker, mwimbaji wa miaka ya 1960 aliyeimba kwa sauti nzito mbele ya okestra kamili. Albamu yao ya kwanza, "The Age of the Understatement", ilitoka Aprili 2008, wote wakiwa na umri wa miaka 22, na ikaingia namba moja Uingereza.

Tofauti na bendi ile ya Glasgow, hapa vijana wawili wenye gita walimwita Owen Pallett, mpiga fidla wa Kanada aliyekwisha fanya kazi na bendi ya Arcade Fire, aandike sehemu za okestra, na okestra ya London Metropolitan ikazipiga. James Ford alitayarisha na kupiga ngoma. Matokeo yake unayasikia kwenye sekunde za mwanzo za wimbo uliobeba jina la albamu: ngoma zinatimua mbio, fidla zinashuka kama zinagombana nazo, na waimbaji wanalazimika kukimbia ili wasiachwe. Nyuzi hapa hazimjibu mwimbaji. Zinamsukuma.

Ni albamu fupi, nyimbo 12, na ndiyo rahisi kupenda kwa mara ya kwanza kati ya zote ninazozitaja. Ukimpigia mtu asiyejua chochote kuhusu muziki huu, atageuza kichwa. Kasoro yake ni kwamba kishindo kikikaa muda mrefu kinachosha, na maneno ya Turner, mazuri kama yalivyo, yamefichwa kwenye vazi lake la fumbo kiasi kwamba huwezi kusema umemjua mtu yeyote humo ndani. Pumzika kwenye "Standing Next to Me", wimbo wa dakika mbili na ushei, wa mwendo wa mapigo matatu matatu, wenye furaha tupu. Kisha sikiliza "My Mistakes Were Made for You", wa polepole, ambapo okestra hatimaye inapewa nafasi ya kupumua.

Walirudi mwaka 2016 na "Everything You've Come to Expect", tena na Pallett kwenye nyuzi. Ni ya mwendo wa taratibu, ya watu waliokomaa. Kwa anayeanza, iache kwanza.

The Lemon Twigs: koo za ndugu wawili

Brian na Michael D'Addario ni mtu na ndugu yake, wazaliwa wa Long Island, New York. Baba yao, Ronnie D'Addario, naye ni mtunzi aliyekuwa akirekodi nyimbo zake nyumbani tangu miaka ya 1970, kwa hiyo watoto walikua wakisikia kanda za baba pamoja na The Beatles na The Beach Boys. Albamu yao ya kwanza, "Do Hollywood", ilitoka mwaka 2016 kupitia lebo ya 4AD, ikitayarishwa na Jonathan Rado wa bendi ya Foxygen. Walikuwa wameirekodi wakiwa bado na umri wa shule ya sekondari, wakipiga ala nyingi wao wenyewe. Jukwaani hubadilishana: aliyekuwa kwenye ngoma anashika gita, mwenye gita anakaa kwenye ngoma.

"Do Hollywood" ina vipaji vingi kuliko utulivu. Wimbo mmoja unabadilika mara nne kabla hujaushika. "Go to School" ya mwaka 2018 ni igizo zima la muziki kuhusu sokwe aliyelelewa kama mtoto wa binadamu, na Todd Rundgren, mwanamuziki mkongwe wa Marekani, anaimba sehemu ya baba. Ni ya kusikiliza ukishawapenda. Mlango wa kuingilia ni "Everything Harmony" ya mwaka 2023, waliyoitoa kwa lebo ya Captured Tracks, nami nimeiweka hapa kwa makusudi kama pendekezo langu kwa yeyote aliyewahi kuimba kwaya.

Anza na wimbo wa kwanza, "When Winter Comes Around". Ni gita la kudonoa na sauti mbili, basi. Sikiliza sauti ya pili inavyoifuata ya kwanza. Watu wa damu moja wana umbo la koo linalofanana na wamejifunza kutamka maneno kwenye meza moja, kwa hiyo vokali zao zinakaa pamoja bila mwanya. Ndiyo maana huwezi kusema mmoja ameishia wapi na mwingine ameanzia wapi. Halafu nenda "Corner of My Eye", ambapo sauti ya juu inapaa taratibu na nyingine zinapangika chini yake, na utaelewa kwa nini nasema okestra yao iko kooni. Ala zipo, na zimepangwa kwa ufundi, lakini ukiziondoa zote na kubakiza sauti, wimbo hauanguki.

Nairobi imejaa watu wenye sikio hili. Aliyewahi kusimama kwenye mashindano ya Tamasha la Muziki la Kenya akiwa mwanafunzi, akihimizwa na mwalimu wa kwaya asikilize teno kabla ya kufungua kinywa, anajua raha ya sauti nne kujifunga mahali pake. Waliokulia kwenye makundi ya Waadventista yanayoimba bila ala wanaijua zaidi. Hata Sauti Sol, ambao wengi wao walikutana shule ya Upper Hill, walianza kwa kuimba pamoja kabla ya gita na umaarufu, na albamu yao ya kwanza ya mwaka 2008, "Mwanzo", bado inaonyesha hivyo. Ukiipenda Sauti Sol ile ya mwanzo, "Everything Harmony" itakukaribisha kama mtu wa nyumbani.

Lipo lalamiko moja linalowafuata ndugu hawa, nalo lina uzito: kwamba wanaiga mno. Ukisikiliza "A Dream Is All We Know" ya Mei 2024, ambayo ni changamfu zaidi, utaweza kunyoosha kidole na kusema hapa ni The Beach Boys, hapa ni The Byrds. Hawafichi. Mimi hainisumbui, kwa sababu kwaya nazo huimba zilizoandikwa na waliotangulia, na tunachopima ni kama mwimbaji ameishi ndani yake. Ila mwenye kiu ya kitu ambacho hakijawahi kusikika asitafute hapa. Na kwa upande wa maneno, Belle and Sebastian wanawaacha mbali. Nyimbo za Lemon Twigs ni za mapenzi na upweke kwa maneno ya kawaida. Uzuri uko kwenye namna yanavyoimbwa.

Unasikilizia wapi?

Hili linaamua kuliko watu wanavyokubali. Kwenye matatu ya Thika Road au Ngong Road, ambako spika za gari zinapiga besi hadi kiti kinatetemeka, Belle and Sebastian ya 1996 haitasikika hata ukivaa vipokea sauti vya masikioni. Ile minong'ono itamezwa na utabaki na tarumbeta pekee. The Last Shadow Puppets inastahimili: imejaa kutoka chini hadi juu, na mwendo wake unaenda na foleni inayosogea kwa kushtuka. "A Dream Is All We Know" nayo inastahimili kwa sababu ya ngoma na gita zake kavu.

Nyumbani, spika ndogo ya Bluetooth yenye kipaza kimoja huzichanganya pande mbili za wimbo kuwa moja. Kwa hawa ndugu D'Addario hiyo ni hasara kubwa, kwani sauti zilizopangwa kushoto na kulia zinarundikana katikati. Tumia vipokea sauti, hata vya bei ya chini vya waya, na uingie kwenye mpangilio wa programu yako ya muziki upandishe ubora wa sauti. Wengi wetu tumeuacha chini ili kuokoa bando, na kitu cha kwanza kinachopotea ni sauti za juu: mkwaruzo wa upinde kwenye fidla, pumzi kabla ya neno. Pakua albamu ukiwa kwenye Wi-Fi kwa ubora wa juu, halafu uisikilize bila bando. Albamu moja iliyosikilizwa vizuri inakufaa kuliko kumi zilizochujwa.

Wenye mashine ya santuri wanajua njia ya Kenyatta Market, kwa wauza santuri. Pale ulizia za miaka ya 1960, upate mzizi wenyewe.

Na kama wewe ni mpigaji

Sehemu hii naiandika kwa moyo wote, kwa sababu naona nafasi ambayo haijachukuliwa. Nairobi ina wapigaji wa nyuzi. Kenya Conservatoire of Music inafundisha tangu mwaka 1944, hapo jirani na Kenya National Theatre. Ghetto Classics ya Korogocho, iliyoanza mwaka 2008, imewapa mamia ya watoto wa Eastlands fidla, chelo, klarineti na tarumbeta, na wale wa mwanzo sasa ni watu wazima wanaopiga na kufundisha. Wengi wao wakitoka kwenye okestra, kazi wanazopata ni harusi na hafla za kampuni. Bendi za pop za mjini zinapohitaji fidla huitafuta kwenye kinanda cha umeme.

Kwa kundi la namna hiyo, ulinganisho unageuka. The Last Shadow Puppets ni ya kusikiliza tu. Bila okestra na mtu wa kuiandikia, ukiipiga kwa watu watano unabaki na mifupa, na mifupa yake ni gita la kawaida. The Lemon Twigs inawezekana kwa gharama ndogo ya ala, lakini inadai waimbaji wawili au watatu waliofanya mazoezi hadi wakazoeana pumzi. Kama mna dada wawili au kaka na dada kwenye kundi, msisite hata kidogo.

Lakini shule iliyo bora ni Belle and Sebastian, tena zile albamu mbili za kwanza. Zilipangwa na watu wa kawaida kwa ala walizokuwa nazo, zikarekodiwa kwa siku chache, kwa hiyo kila sehemu ni ya kuigika. Chukueni "Judy and the Dream of Horses", wimbo unaofunga "Sinister". Unaanza na sauti moja na gita la kawaida. Ngoma zinaingia baadaye. Kuna filimbi ya shuleni, ile ya plastiki ambayo nusu ya Wakenya walishika darasani, na tarumbeta inayopokea baada yake. Mgawane hivi: mmoja aimbe na kupiga gita, mmoja besi, mmoja ngoma kwa mkono mwepesi, mmoja kinanda, mmoja tarumbeta, na wa sita ashike filimbi kisha aiweke chini aimbe sauti ya pili. Mwambieni wa ngoma apige chini kuliko anavyotaka. Mwenye tarumbeta asubiri. Vishawishi vya kuingia mapema ni vingi, na wimbo wote umejengwa juu ya kusubiri kwake.

Mkishaupiga ukakaa sawa, wekeni Kiingereza kando. Mpangilio uleule wa ala unabeba ubeti wa Kiswahili bila kulalamika: mizani minane na minane, kina cha kati na cha mwisho, tarumbeta ikijibu kwenye kituo. Andikeni kuhusu mwanafunzi anayepanda namba 46 kutoka Kawangware akiwa na barua asiyotaka kuifungua, au mama anayefunga kibanda mapema siku moja bila kumweleza mtu. Murdoch aliandika kuhusu mabasi ya Glasgow kwa sababu ndiyo aliyopanda.